Paja la mtoto likivunjika: mwongozo wa pini za kupindika, tangu njiani hadi siku ya kuzitoa

Avoka zikianza kukomaa kwenye vilima vya Bagira, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, na huko Kabare, sisi wa chumba cha upasuaji tunaanza kuhesabu mapaja. Mtoto amepanda, tawi limekatika. Nje ya msimu wa avoka ni pikipiki: mtoto anavuka barabara pale Kadutu, motari anateremka na abiria wawili nyuma, na miteremko ya Bukavu mnaijua. Wengine ni ukuta wa matofali mabichi ulioangushwa na mvua, au mpira tu, watoto wawili wamegombania na mmoja akaangukia mguu wa mwenzake.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Sishiki kisu. Ninamkabidhi daktari chombo, ninahesabu vitambaa, na kabla ya hapo, jioni, ninakaa na picha ya mtoto na rula kuangalia kama pini tulizonazo kwenye sanduku zinamfaa. Wazazi huniuliza mlangoni maswali yaleyale kila wiki, kwa hiyo nimeyaandika hapa kwa hatua. Sehemu ya katikati, ya vipimo, nimeiandika zaidi kwa wenzangu wachanga wa kazi, ila mzazi akiisoma haimdhuru. Itamsaidia kujua la kuuliza.

Shika jambo moja kwanza, maana mengine yote yanatoka humo: pini hizi ni springi, si nguzo. Hazimbebi mtoto. Zinausukuma mfupa kutoka ndani, moja upande huu na nyingine upande ule, mpaka mfupa utulie katikati wakati mwili unaujenga upya. Mtu akisahau hilo, mapema au baadaye ataharibu, awe daktari, muuguzi au bibi wa mtoto.

Hatua ya 1: Njiani

Paja lililovunjika halifichiki. Linavimba, linapinda mahali pasipo na kiungo, na mtoto hataki hata shuka limguse. Usilivute ili "lirudi". Usimsimamishe ili uone kama anaweza.

Tafuta kitu kirefu kilichonyooka: ubao, fito, hata kadibodi nene iliyokunjwa mara kadhaa. Kifike juu ya nyonga na kishuke hadi kwenye kifundo. Weka nguo laini kati ya ubao na ngozi, kisha funga kwa vipande vya kitenge juu na chini ya palipovunjika, si juu yake. Kama huna ubao, funga mguu mbovu pamoja na mzima, na katikati uweke mto au blanketi lililokunjwa. Ukimaliza, tazama vidole vya mguu. Viwe na joto, na mtoto aweze kuvichezesha. Vikiwa baridi au vyeupe, legeza vifungo kidogo na uongeze mwendo.

Kama kuna jeraha na mfupa umechungulia, funika kwa kitambaa safi na uache hivyo. Hakuna kuurudisha ndani, hakuna majani, hakuna majivu. Mwambie wa kwanza atakayempokea hospitalini saa jeraha lilipotokea, maana dawa ya kuua vijidudu inatakiwa kuanza mapema sana.

Na tafadhali, asipakatwe kwenye pikipiki. Ninajua gari ni shida, hasa kwa wanaotoka Walungu au Kalehe. Lakini paja lililokunjwa kati ya motari na mama, kwenye barabara ile yenye mashimo, linafika likiwa limechana nyama za ndani. Watu wanne na ubao hadi barabara kubwa, halafu gari lolote litakaloweza kumlaza, hata la mizigo.

Njiani asipewe chakula, kwa sababu ya dawa ya usingizi. Hilo ni gumu, mtoto analia na bibi ana ndizi mkononi.

Sasa la wakandaji. Nimeshuhudia mazungumzo haya mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuyachapa kwenye fomu ya mapokezi:

"Mama, mutoto alianguka siku gani?"

"Siku ya kwanza, dokta."

"Na leo ni siku ya ine. Mulikuwa wapi?"

"Tulimupeleka kwanza kwa muzee mwenye anakandaka mifupa."

Sitawatukana wazee hao. Wengine wana mikono mizuri kwa kifundo kilichoteguka. Lakini paja halikandwi. Misuli ya paja ni miongoni mwa mikubwa zaidi mwilini, na kila anapolikanda misuli inakaza zaidi na vipande vinapandana. Na vijiti vikifungwa kwa kukaza sana, damu haipiti. Niliwahi kumpokea mtoto wa miaka 7 ambaye mfupa wake ungepona vizuri kwa njia yoyote ile. Tulichopigania ni mguu wake usikatwe, kwa sababu ya kamba.

Hatua ya 2: Mapokezi, kabla ya mtu yeyote kutaja upasuaji

Mtoto aliyevunjika paja peke yake, bila jeraha la wazi, kwa kawaida hazimii wala shinikizo la damu yake halishuki sana. Akiwa amelegea, mweupe, moyo unakimbia, tafuta pengine: tumbo, kifua, kichwa. Hapo ndipo haraka ilipo. Paja litasubiri.

Atapewa dawa ya maumivu na mguu utanyooshwa kwenye mvuto: bandeji imeshikwa kwenye ngozi ya mguu, kamba inapita kwenye gurudumu mwisho wa kitanda, na uzito unaning'inia. Mvuto huu wa siku moja mbili ni wa kumpumzisha mtoto na kuzuia mfupa usifupike wakati maandalizi yanafanyika.

Kisha picha ya radio, ile wengine huita eksirei. Ziwe mbili, moja kutoka mbele na moja kutoka ubavuni, na zioneshe nyonga na goti pia. Picha inayoonesha palipovunjika tu ni nusu picha. Shingo ya paja inaweza kuwa imevunjika juu huku sote tunatazama katikati.

Vipimo vya damu: wingi wa damu, kundi la damu, malaria, na selimundu, ile ambayo hapa kwetu tunaiita SS. Hicho cha mwisho msikiruke. Mtoto mwenye SS anaweza kuendeshwa kwenye usingizi na upasuaji, lakini kwa maandalizi tofauti ya maji, hewa ya oksijeni, joto na pengine damu. Tena mfupa wake unaweza kuwa umevunjika kwa sababu ulikuwa na usaha ndani tangu zamani. Kwa jumla, mfupa ukivunjika kwa kitu kidogo mno, mtoto amejikwaa tu sebuleni, daktari atautazama kwenye picha kama kuna uvimbe au ugonjwa uliotangulia.

Na kama ni mtoto mchanga ambaye hajaanza kutembea, tutauliza maswali ambayo hayapendezi. Mtoto wa miezi 5 havunji paja kwa kujigeuza kitandani. Msikasirike. Tunawauliza wote.

Hatua ya 3: Je, huyu ni mtoto wa pini?

Si kila paja lililovunjika linahitaji chuma. Umri unaamua mengi.

Chini ya miezi 6, mikanda maalumu au banzi laini linatosha. Mfupa wa mtoto mchanga unaungana kabla mama hajazoea. Kuanzia hapo hadi miaka 5 hivi, wengi wanawekwa plata ya kiunoni, yaani plasta ngumu, ile inayoanzia juu ya kiuno na kushuka mguu mzima. Ni shida kwa mama, kuoga ni kwa kitambaa na haja ni kwa ujanja, lakini inaponya bila kumpasua mtoto.

Miaka 5 hadi 11 ndipo penyewe pa pini za kupindika. Mtoto huyu ni mkubwa mno kwa plata ya kiunoni, mbebaji ataumia mgongo na mtoto ataumia roho. Tena ni mdogo mno kwa fimbo nene ya watu wazima. Fimbo ile huingilia juu, karibu na mishipa inayolisha kichwa cha paja, na kwa mtoto anayekua mishipa hiyo ikikatwa kichwa cha mfupa hufa. Tena gegedu la ukuaji, yaani tabaka ambalo mfupa hurefukia, bado liko wazi juu na chini. Pini za kupindika zinapita bila kuligusa.

Umri pekee hautoshi, tazama uzito. Mtoto akikaribia kilo 50, springi inashindwa. Matatizo ya mfupa kupinda ndani ya pini huongezeka kwa watoto wazito na kwa wale waliopita miaka 11. Hao wanafaa zaidi sahani ya chuma au fimbo ya kufungwa inayoingilia pembeni mwa nyonga. Kuna vijana wa miaka 10 hapa mjini wenye miili ya askari. Mpime kwenye mizani, usikisie.

Kisha umbo la mvunjiko. Uliokingama, au wa mshazari mfupi, katikati ya mfupa: huo ndio ulio rahisi, vipande vinakutana na kusimama vyenyewe. Uliozunguka kama skrubu kwa urefu, au uliosagika vipande vipande, utateleza na kufupika juu ya springi. Unaweza kufanyiwa na mkono uliozoea, pengine kwa kuongeza plata juu yake, lakini si wa kujifunzia. Jeraha chafu lililo wazi sana linafungwa kwanza kwa vyuma vya nje ya ngozi.

Niseme na lingine ambalo wenzangu wengine hawapendi kulisikia. Mvuto wa kitandani wa wiki 3 au 4, ukifuatiwa na plata, umeponya mapaja ya watoto miaka mingi kabla ya pini kufika hapa, na bado unaponya. Ubaya wake ni muda. Mama anakaa wodini mwezi mzima na meza yake ya samaki Nyawera imekaliwa na mtu mwingine. Lakini kama hospitali haina pini za kipimo sahihi, nichagulie mvuto mzuri kuliko pini mbaya.

Hatua ya 4: Kuchagua pini na kuzikunja

Hapa ndipo kazi yangu ilipo, nivumilieni nikikawia.

Njia hii ilikuzwa Nancy, Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1970, na madaktari wa huko akiwemo Jean-Paul Métaizeau. Ndiyo maana madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa wanaiita kwa herufi, ECMES, na wodini mtasikia "broshi", yaani pini. Pini ni za titani au chuma kisichoshika kutu, na unene wake huenda kwa nusu nusu: milimita 2, 2.5, 3, 3.5, 4.

Chukua picha. Tafuta mahali mfereji wa uboho ulipo mwembamba kuliko kote, na upime upana wake wa ndani, si wa mfupa mzima. Zidisha kwa 0.4. Hicho ndicho kipimo cha kila pini. Mfano: mtoto wa miaka 8, mfereji milimita 9. Tisa mara 0.4 ni 3.6, kwa hiyo ninatoa pini mbili za 3.5. Mbili pamoja zinajaza karibu asilimia 80 ya mfereji. Kumbuka picha hukuza kidogo; ukiwa katikati ya vipimo viwili, weka vyote viwili mezani na daktari ataamua.

Pini mbili. Za unene mmoja. Nitasema tena kwa sababu ya kisa hiki. Alikuja mvulana wa miaka 9 kutoka hospitali nyingine ya mbali, wiki ya tano baada ya upasuaji. Paja lilikuwa limepinda kwa nje kama upinde wa mwindaji. Kwenye picha tuliona pini moja ya 3.5 na nyingine ya 2.5. Baba yake alisema waliambiwa sanduku lilibakiwa na hizo. Nawaelewa, nami nimewahi kufungua sanduku na kukuta mashimo matupu. Lakini springi nene ilimsukuma mwenzake, na mfupa ukamfuata mwenye nguvu. Tulimrudisha mezani.

Sasa kukunja. Pini inatoka kwenye pakiti ikiwa imenyooka, imepinda kidogo tu nchani ili iteleze ndani ya mfereji. Unaikunja polepole kwa mikono au kwa kifaa chake, upinde mmoja mrefu laini, bila kona. Kilele cha upinde kikae pale mfupa ulipovunjika. Kwa hiyo pima kwenye picha umbali kutoka mlango wa pini hadi kwenye mvunjiko. Kina cha upinde ni mara 3 ya upana wa mfereji. Kwa mtoto wetu wa milimita 9, laza pini juu ya meza: kilele kisimame milimita 27 juu ya kitambaa, karibu sentimita 3. Kisha ikunje ya pili na uilaze juu ya ya kwanza. Zifanane kama pembe mbili za ng'ombe mmoja.

Watu wengi huona upinde ule ni mkubwa mno na wanaupunguza kwa huruma. Usipunguze. Pini ikiingia iliyonyooka haisukumi kitu. Imelala tu mfereji mzima kama mzigo.

Hatua ya 5: Mezani

Tumbo liwe tupu: saa 6 bila chakula kizito, saa 4 bila maziwa ya mama kwa wadogo, saa 2 bila maji matupu. Dawa ya kuzuia vijidudu inaingia kwenye mshipa ndani ya saa moja kabla ya kisu. Tunatia alama kwa kalamu kwenye mguu wa kupasuliwa mzazi akiwa bado yupo, naye athibitishe.

Mtoto analala chali. Mahali palipo na meza ya mvuto mguu unafungwa humo. Pasipo nayo, mwenzetu mmoja anavuta kwa mikono na anatoka na jasho. Mashine ya picha za moja kwa moja, ambayo tunaiita ampli, inasogezwa ubavuni, na sote tunavaa aproni za madini ya risasi, kinga ya mionzi.

Daktari anachana ngozi pande mbili juu ya goti, ndani na nje, kama sentimita 2 kila upande. Mlango wa pini uko sentimita 2 hadi 2.5 juu ya gegedu la ukuaji, kwa urefu sawa pande zote mbili. Ukiwa mmoja juu na mwingine chini, springi hazikutani vizuri. Ukishuka mno unagusa gegedu, na hilo halirudishiki. Mfupa unatobolewa kwa chombo chenye ncha, ndugu wa kile cha fundi viatu: kwanza kinasimama wima juu ya mfupa ili kisiteleze, halafu kinalazwa taratibu hadi nyuzi 45 kuelekea juu.

Pini ya kwanza inaingizwa kwa mpini, kwa kuizungusha huku na huku, hadi ifike kwenye mvunjiko. Inasubiri hapo. Ya pili inafuata hadi usawa uleule. Sasa mvutaji anavuta, daktari anasukuma paja kwa nje, vipande vinatazamana kwenye kioo cha ampli, na pini ya kwanza inavuka. Picha ya mbele, picha ya ubavu. Imo ndani? Ya pili inavuka. Pini iliyoingia upande wa nje inapanda hadi chini kidogo ya nundu ya nje ya nyonga. Ya ndani inaelekea kwenye shingo ya paja, na inasimama kabla ya gegedu la huko.

Kabla ya kumaliza kuna mambo mawili ambayo uchovu huyasahaulisha. La kwanza: legeza mvuto, vipande vigusane. Ukiacha mwanya, mfupa utachelewa kuunga. La pili: mzunguko. Angalia pia ya goti na vidole vya mguu, linganisha na mguu wa pili. Mtoto akikua, mwili wake hunyoosha kiasi cha mpindo uliobaki wa mbele au wa pembeni; mzunguko hausahihishi vizuri. Mguu uliofungwa huku umegeuka utabaki umegeuka, na mtoto atachekwa shuleni.

Mwisho wa pini unakatwa ukibaki nje ya mfupa sentimita 1 hadi 1.5, umelala sambamba na mfupa. Usiukunje kuelekea nje. Malalamiko makubwa kuliko yote ya pini hizi ni hapa hapa: ncha inachoma chini ya ngozi ya goti, mtoto anakataa kulikunja goti, na wakati mwingine ngozi inatoboka. Lakini ukikata fupi mno, siku ya kuzitoa utamtafuta fundi mgodi.

Pasipo na ampli, upasuaji unafanyika bado: daktari anafungua kidogo penye mvunjiko na kuviona vipande kwa macho. Kovu ni kubwa zaidi, damu inatoka zaidi na hatari ya vijidudu inaongezeka, ila mapaja mengi yamepona hivyo.

Hatua ya 6: Siku za kwanza wodini

Mguu juu ya mto. Vidole vinaangaliwa kila baada ya muda, joto na mwendo. Mtoto avikunje juu na chini. Kama maumivu yanapanda badala ya kushuka, hayasikii dawa, na kuvinyoosha vidole kunamfanya apige kelele, muite muuguzi hata kama ni saa 9 usiku. Msimwogope aliyelala.

Kuanzia siku ya kwanza au ya pili, mtaalamu wa mazoezi, kine, atampitia. Ataombwa akaze misuli ya paja goti likiwa limenyooka, kisha alikunje kidogo kidogo. Atalia. Hapa ndipo mabibi wanapoingilia: "Mumuache mutoto, atavunjika tena!" Havunjiki kwa kukunja goti. Springi imewekwa ili goti lisogee, na mtikisiko ule mdogo unauamsha mfupa mchanga.

Kisha magongo. Mwanzoni anagusisha vidole tu chini, kama anayekanyaga yai. Mvunjiko uliokingama huruhusiwa uzito mapema kuliko wa mshazari. Fuata alichoandikiwa mtoto wako, si cha jirani wa kitanda cha pili.

Na kabla ya kutoka, ulizeni bei ya siku ya kuzitoa pini. Familia inachangisha kanisani kwa upasuaji wa kwanza na hakuna anayefikiria wa pili. Ulizeni mapema na mpate jina la pini na kipimo chake kwenye karatasi.

Hatua ya 7: Nyumbani, kwenye mteremko

Miongozo ya vitabu inadhani nyumba ni tambarare. Ya kwetu iko juu ya ngazi 60 za udongo, na mvua ikinyesha ni utelezi. Kama kuna shangazi anayekaa karibu na barabara, mtoto akae kwake wiki 6 za mwanzo. Kama hakuna, abebwe mgongoni kwenye ngazi, na magongo ayatumie uani tu. Mipira ya chini ya magongo inaisha haraka kwenye mawe yetu. Kata kipande cha tairi ya baiskeli na kukifunga.

Choo cha kuchuchumaa hawezi. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, ndoo chini, basi.

Kidonda kikae kikavu hadi nyuzi zitolewe, kati ya siku 10 na 14. Hakuna kukanda, hakuna mafuta ya moto, hakuna kuchanja ngozi juu ya pini.

Chakula: maharage, mayai, maziwa, sombe (majani ya muhogo). Na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu wanaoliwa na mifupa yao. Mama mmoja aliniuliza dawa ya kalsiamu ya duka la dawa ni ngapi, wakati mbele yake ana sahani ya sambaza. Nilimwonesha sahani.

Picha ya kwanza ya kurudi ni wiki ya 4 hadi 6. Ikionesha mfupa mchanga umezunguka palipovunjika kama bonge la udongo kwenye nyufa, mtoto ataongezewa uzito na polepole ataachana na magongo. Mpira wa miguu bado, mara nyingi hadi miezi 3 au 4 baada ya upasuaji. Wazazi wengi wanateleza hapa, kwa sababu mtoto haumwi tena na anakimbia. Mwambieni kaka yake afiche mpira.

Mguu uliovunjika unaweza kurefuka kuliko mwenzake kwa sentimita 1 hivi, wakati mwingine karibu 2, kwa sababu damu nyingi iliyokuja kuuponya inaamsha pia ukuaji. Daktari atapima. Tofauti ndogo hiyo haihitaji kitu.

Rudi siku hiyohiyo ukiona: homa au usaha, ncha ya pini imetoboa ngozi, paja linapinda upya au mguu umegeuka, vidole vimekufa ganzi au baridi, au maumivu yaliyokuwa yamekwisha yamerudi baada ya kuanguka tena. Usisubiri siku ya miadi.

Hatua ya 8: Kuzitoa

Kwa kawaida kati ya miezi 6 na 12 baada ya upasuaji, mfupa ukiwa umeungana kabisa kwenye picha zote mbili. Si kabla, hata kama ncha inakera. Kama inakera mno mapema, daktari ataifupisha. Wala msicheleweshe miaka, maana mfupa wa mtoto unakua na unaimeza ncha, na kazi ya dakika 20 inageuka ya saa 2 na kidonda kikubwa. Ni usingizi tena, makovu yaleyale madogo juu ya goti, koleo linashika ncha na kuivuta. Mara nyingi mtoto anarudi nyumbani siku hiyo au kesho yake, akitembea. Michezo ya nguvu ingoje wiki chache, mashimo ya pini yajae.

Wazazi huomba kuziona. Mwezi jana baba mmoja wa Cimpunda alisimama mlangoni na kofia mkononi, nikamletea kwenye bakuli, zimeoshwa.

"Ni bile bibiri tu?"

"Bibiri tu, papa."

Akaiweka moja juu ya kiganja chake. Bado ilikuwa na upinde wake, uleule niliokuwa nimeukunja mezani miezi 9 nyuma. Akaibonyeza kwa kidole, ikarudi. Akaibonyeza tena, ikarudi. Nyuma yake mtoto alikuwa ameshaanza kumuuliza muuguzi mwingine mpira wake uko wapi.